Jim Corbett: picha za mwindaji aliyelala Nyeri

Wazee wetu, akina mama na akina baba, walimu, na nyinyi wanafunzi mlioketi nyuma kule, nawasalimu.

Mmenipa jioni hii nimkumbuke mtu aliyezikwa hapa mjini petu. Kaburi lake liko katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Petro, makaburi yale yale alimozikwa Baden-Powell wa skauti. Wageni wengi hushuka garini, wakalipiga picha kaburi la Baden-Powell, wakarudi garini. Huyu wangu huachwa peke yake, isipokuwa wanapokuja wageni kutoka India. Hao humuulizia kwa jina. Siku moja nilimwona mzee wa Kihindi akivua viatu kabla ya kulikaribia lile kaburi, na tangu siku ile nikaanza kumsoma aliyelala pale.

Jina lake ni Edward James Corbett, Jim kwa wasomaji wake. Watu wa Kumaon, milimani kaskazini mwa India, walimwita Carpet Sahib, kwa vile ndivyo jina lake lilivyokaa ulimini mwao. Alizaliwa Naini Tal tarehe 25 Julai 1875, akafa hapa Nyeri tarehe 19 Aprili 1955. Kati ya tarehe hizo mbili aliwinda chui na chui milia waliokuwa wakila watu, na alipokaribia miaka sabini akayaandika. Kitabu kilichomtangaza duniani, Man-Eaters of Kumaon, kilitoka mwaka 1944.

Niweke neno moja sawa kwa ajili ya vijana. Nikisema chui, ni huyu wetu wa madoa, ambaye India wanaye pia. Chui milia ni mwingine, mwenye mistari, na Afrika hatunaye. Corbett aliwinda wote wawili.

Sasa tutazame picha hii ya kwanza kati ya tatu nilizozitundika. Ni ya mwaka 1926. Mzungu, Corbett mwenyewe, yuko nyuma ya mzoga wa chui uliolazwa chini mbele yake. Nimefanya kazi ya picha kwa miaka thelathini na minne, na picha za namna hii nimezisafisha nyingi, walizoziacha walowezi kwenye masanduku. Zote ni moja. Mnyama huwekwa mbele ili aonekane mkubwa, mwindaji nyuma yake, bunduki mahali inapoonekana. Ukizipanga mezani ishirini, baada ya ya tano huwezi tena kutofautisha nyuso. Kwa hiyo nilipoiona hii mara ya kwanza niliipita. Picha ya nyara, nikasema, na nyara nimeziona.

Kisha nikasoma alichokiandika Corbett mwenyewe kuhusu usiku aliomuua chui huyo.

Chui huyo anaitwa chui wa Rudraprayag. Kwa miaka minane, kutoka 1918 hadi 1926, aliua watu 125 kwenye njia ya mahujaji wanaopanda kwenda kuabudu Kedarnath na Badrinath. Jua likitua, milango ilikomelewa na hakuna aliyetoka, hata kama mgonjwa alikuwa akilia nyumba ya jirani. Corbett alikesha usiku ishirini juu ya mnara wa daraja la Rudraprayag akimngoja, asimpate. Mwisho alipanda juu ya mwembe mahali paitwapo Golabrai, akafunga mbuzi mwenye kengele shingoni pale chini, akangoja. Usiku wa kumi na moja, tarehe 2 Mei, kengele ililia ghafla. Akawasha tochi, akafyatua mara moja.

Asubuhi alipomwangalia vizuri aliona nini? Chui mzee, meno yamelika. Kovu za risasi na za mapigano. Na hapo, mbele ya mnyama aliyechukiwa kuliko wote India nzima, mwindaji huyu aliandika maneno ambayo sikuyategemea. Alisema kosa la chui huyu lilikuwa kosa mbele ya sheria za binadamu tu, wala halikuwa kosa mbele ya sheria za maumbile. Alimwaga damu ya watu ili aishi. Akamwelezea jinsi kidevu chake kilivyokaa ukingoni mwa shimo, macho yamefumba nusu, kama aliyelala usingizi wa amani.

Na alieleza chanzo. Mwaka 1918 homa kali ya mafua iliua watu wengi mno hata desturi ya kuchoma maiti ikashindikana. Jamaa walimtia marehemu kaa la moto mdomoni, wakamsukuma bondeni. Chui wa mabonde hayo walizikuta maiti, na mmoja wao akazoea. Ugonjwa ulipokwisha, mazoea yalibaki.

Chui milia jike wa Champawat naye hivyo hivyo. Huyo alikuwa mla watu wa kwanza ambaye Corbett alimuua, mwaka 1907, na hesabu iliyomwandama ni watu 436, karibu nusu yao Nepal kabla hajavukia Kumaon. Alipouawa walimfungua kinywa: meno mawili marefu ya upande wa kulia, la juu na la chini, yalikuwa yamevunjwa na risasi ya mtu miaka mingi nyuma. Mnyama asiyeweza tena kukamata swala atafanya nini? Corbett hakumsamehe, alimuua. Lakini aliwaambia wasomaji ni nani aliyeanza.

Nikarudi kwenye picha. Karatasi ni ile ile, mzungu ni yule yule, ila sasa naona kidevu cha chui. Nawaomba mkipita baadaye msimame hapa mtazame hicho kidevu. Kuna kitu kingine pia, hakimo pichani. Yule mbuzi alipona. Corbett alimtengenezea mkufu wa shaba, akamrudisha kwa mwenyewe, na watu wakawa wanakuja kumwona. Hakuna aliyewahi kufikiri kumpiga picha mbuzi, ndiyo maana namshukuru mwandishi.

Nimeleta picha nyingine ambayo hamkuitegemea hapa, na nimefikiri sana kabla ya kuitundika. Mnaijua. Ni ya Field Marshal Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa uhuru wa Mau Mau.

Alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, mwaka mmoja na nusu baada ya Corbett kuzikwa, katika nchi hii hii ya Nyeri. Alikuwa amepigwa risasi. Alikuwa amevaa vazi la ngozi ya chui. Wakampiga picha amelala, pingu mikononi. Tarehe 18 Februari 1957 wakamnyonga katika gereza la Kamiti.

Naomba msamaha kwa wazee kama inawauma kuiona karibu na ile nyingine. Mimi pia iliniuma, na ndiyo sababu iko hapo. Mpiga picha anaijua pozi hiyo. Aliyelazwa yuko chini, na kamera inamtazama kutoka juu. Aliyebonyeza alitaka kuwaonyesha watu kwamba kazi imekwisha. Ilipigwa kama nyara. Na nyinyi mnajua yaliyofuata: watoto wetu wanaiona vitabuni na hakuna hata mmoja anayeona nyara. Wanaona mtu aliyekataa. Picha ni ile ile. Maneno ya chini yake ndiyo yaliyobadilishwa, na walioyabadilisha ni wazazi wetu waliokataa kuisoma kama ilivyoandikwa.

Hilo ndilo nililokuja kusema usiku huu. Picha peke yake ni bubu. Inaweza kuwa nyara na inaweza kuwa ushahidi wa uhai, na anayeamua ni yule anayeandika kando yake. Corbett namheshimu kwa sababu aliandika kando ya picha zake mwenyewe, na alichokiandika kilimshusha mwindaji kikampandisha mnyama.

Sitaki mnielewe vibaya. Corbett hakuwa mtu wa upande wetu. Aliondoka India mwishoni mwa 1947, miezi michache baada ya nchi ile kupata uhuru, akaja na dada yake Maggie kuishi katika koloni jingine. Walikaa Paxtu, kile kijumba cha hoteli ya Outspan kilichojengwa kwa ajili ya Baden-Powell. Wakati huo wenye nchi walikuwa wamesukumiwa rizavu. Mtu aliyeandika kitabu kizima, My India, kwa ajili ya maskini wa India, akawataja majina na kazi zao, alikaa Nyeri miaka saba na zaidi katikati ya watu wetu, na vitabu vyake havikutuandikia kitu kama hicho. Mimi hili linanihuzunisha. Alikuwa na jicho la kutuona.

Picha ya tatu ni ya mugumo. Mnaona kibanda kile kilichokaa juu ya matawi? Ndiyo hoteli ya Treetops ya kwanza, ya mwaka 1932, pale Aberdare, juu ya bwawa ambapo tembo na vifaru walishuka usiku kulamba chumvi. Sisi tunajua mugumo ni mti mtakatifu, sina haja ya kueleza zaidi. Usiku wa tarehe 5 Februari 1952 alilala humo Binti Elizabeth wa Uingereza pamoja na mumewe. Alikuja na kamera ya filamu, akawapiga tembo hadi mwanga ukaisha. Corbett, miaka 76, alikaa macho juu ya ngazi na bunduki yake. Usiku huo, mbali kule Uingereza, mfalme alifariki, na aliyepanda mti akiwa binti wa mfalme akashuka akiwa malkia. Mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, kibanda kilichomwa. Kwa hiyo hiki mnachokitazama hakipo tena isipokuwa katika picha.

Sasa nifike pale ambapo moyo wangu uko hasa.

Kiswahili chetu kina kitenzi kimoja kwa mambo mawili. Mtu hupiga bunduki, mtu hupiga picha. Ukisema fulani amempiga tembo, msikilizaji atangoja uongeze neno: kwa risasi, au picha? Mwindaji na mpiga picha wanafanya kazi ile ile mpaka sekunde ya mwisho. Wote wawili lazima wajue upepo unatoka wapi. Wote hukaa bila kukohoa. Wote hujifunza njia ya mnyama, maji yake, saa zake. Kisha kidole kinabonyeza, na hapo ndipo njia zinapoachana, maana mmoja wao mnyama wake anaendelea na safari.

Corbett alilijua hilo kutoka pande zote mbili. Kulikuwa na ofisa wa misitu huko India, F. W. Champion, aliyeanza kuwapiga picha chui milia usiku kwa waya uliotegwa njiani: mnyama anaugusa waya, taa inamulika, kamera inapiga. Kitabu chake kilitoka 1927. Corbett alizitazama zile picha na, kwa maneno yake mwenyewe, ndizo zilizomtia wazo. Aliandika kwamba picha nzuri ina furaha kuliko nyara, na kwamba nyara humfurahisha aliyeipata peke yake, ila picha ni ya kila ampendaye mnyama. Chui milia wa Champion, alisema, kama wangepigwa kwa bunduki, leo manyoya yangekuwa yamenyonyoka na ngozi zimetupwa jalalani.

Yeye akataka zaidi ya Champion: filamu, na mchana. Rafiki alimpa kamera ya Bell & Howell ya milimita 16. Miaka kumi alizunguka misituni na kupata kidogo sana. Kisha akaacha kuzunguka, akachagua mahali pamoja, bonde lenye kijito katikati na kichaka pande zote.

Shida ilikuwa mlio. Kamera za filamu za zamani zinakoroma. Nimewahi kuishika moja, ni kama cherehani. Chui milia aliye hatua tano kutoka kwako atasikia. Bunduki hailii mpaka umeshamaliza, lakini kamera hulia muda wote unaofanya kazi. Corbett akafanya nini? Akakiziba kijito kwa mawe mahali kadhaa, maji yakawa yanaanguka kidogo kidogo, kimo cha inchi chache tu. Sauti ya maji ikaifunika sauti ya kamera. Nilipoisoma sentensi hiyo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Miaka yote ya kutega, na siku ile mtego wenyewe ulikuwa maporomoko madogo ya maji yaliyojengwa kwa mikono.

Akawatafuta chui milia saba katika maeneo matatu yaliyo mbali mbali, akawavuta polepole, hatua chache kila siku, mpaka wakafika pale kijitoni. Kazi yote ilichukua miezi minne na nusu. Mvua ikanyesha. Zaidi ya futi 2,000 za filamu ziliharibika: unyevu juu ya lenzi, mwanga haba, na filamu iliyokwama ndani kwa sababu aliitia kwa haraka kwa mikono iliyolowa.

Wanafunzi wangu, nyinyi mnapiga picha mia kwa simu kabla ya chai. Niwaambie mikono iliyolowa ni nini. Mwaka mmoja nilipanda Aberdare na filamu tatu, nikimtafuta chui. Siku ya tatu alitokea. Alipita kwenye uwazi wa mianzi, akasimama, akageuza shingo. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, filamu ilikuwa imekwisha, na nikafungua kamera nikaitia nyingine nikitetemeka. Tone moja lilianguka ndani. Sikuliona. Nilipiga kumi na mbili. Chumbani kwenye giza, kwenye dawa, nikaona vivuli vyote vimeshikana, na katika kivuli cha nne sikio moja tu la chui, limekaa vizuri kabisa, mpaka nywele zinahesabika. Hilo sikio ninalo bado nyumbani. Kwa hiyo Corbett anaposema futi elfu mbili ziliharibika, mimi najua alivyolala usiku ule.

Alibaki na futi 600. Chui milia saba: madume manne, wawili kati yao wakizidi futi kumi, na majike matatu, mmoja wao mweupe. Wote wamepigwa mchana, kwa umbali wa kati ya futi 10 na 60. Na akaandika kwamba katika saa zote zile alizolala kando ya kijito, hakuna hata mmoja kati ya saba aliyewahi kumwona.

Kwa mwindaji, kutoonekana ni njia ya kuua. Yeye hapa alijificha, akatazama, akaondoka, na wale saba wakaendelea kunywa maji.

Mbuga iliyoanzishwa India mwaka 1936, ya kwanza nchini humo, ambayo yeye aliipigania, ilipewa jina lake baada ya kufa. Kwetu Kenya sheria ilipiga marufuku uwindaji wa starehe mwaka 1977. Na ile kamera ya waya ya Champion imerudi. Wanaomtafuta bongo wa milimani huko Aberdare leo, swala mkubwa mwenye mistari aliyebaki chini ya mia moja porini, wanafunga kamera kwenye miti na kumngoja apite. Wanamtambua kila mmoja kwa mistari yake, kwa maana hakuna bongo wawili wenye mistari sawa. Wapo vijana wa hapa wanaoifanya kazi hiyo, babu zao walikuwa wafuata nyayo wa wawindaji. Ujuzi ni ule ule.

Hapo kwa wafuata nyayo ndipo nataka kumalizia. Rudini kwenye masanduku ya walowezi niliyowaambia. Katika picha nyingi, pembeni, kuna mtu wetu. Ameshika bunduki ya pili, au kamba, au pembe ya mnyama ili kichwa kisimame. Nimegeuza mamia ya picha hizo. Nyuma imeandikwa jina la mzungu, jina la mnyama, urefu wa pembe, tarehe. Yule aliyemfuata mnyama siku mbili hana jina. Corbett, tumpe haki yake, aliandika majina. Kunwar Singh, jangili aliyemfundisha msitu tangu akiwa mtoto, tunamjua kwa jina kwa sababu mwanafunzi wake alimwandika.

Najua baadhi yenu mna picha kama hizo nyumbani, kwenye sanduku chini ya kitanda, kwenye bahasha iliyokaa na hati ya shamba. Babu yuko pembeni, na aliyebaki anayemjua ni nyanya wa miaka tisini. Nawaomba mzilete kesho asubuhi, na nyanya aje naye, gari litapatikana. Tutaziweka mezani, yeye atasema, mjukuu ataandika. Msiandike kwa kalamu ya wino, wino hupenya karatasi ukatokea usoni mwa mtu baada ya miaka. Andikeni kwa penseli laini, polepole, pembeni kabisa, bila kukandamiza.

Penseli nimezileta. Ziko kwenye kile kikombe karibu na mlango.